Uvimbe wa Tezi ya Pituitari: Hadubini, Kamera au Kufungua Fuvu?

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu, madaktari na wauguzi wenzangu, na ninyi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa mliotoka mbali kuja kukaa nasi: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie njia za kuondoa uvimbe wa tezi ya pituitari, na hasa nijibu swali linaloulizwa kliniki na hata katika vikao vyetu wenyewe: ipi bora, hadubini inayokuza kutoka nje, au kamera, yaani endoskopu inayoingia ndani ya pua? Nitalijibu. Lakini ninachokiamini nakisema mapema, ili mnipime nacho tangu mwanzo. Kwa wagonjwa walio wengi, mkono wa anayepasua na watu waliomzunguka vina uzito kuliko chombo alichoshika. Na katika nchi zetu, ambako mabingwa wa upasuaji wa ubongo ni wachache, jambo hilo linapaswa kubadili namna tunavyowapeleka wagonjwa wetu hospitali.

Kwanza mjue tezi yenyewe imekaa wapi, maana ugumu wote wa kazi hii unatokana na mahali. Tezi ya pituitari ina uzito wa nusu gramu hivi. Imelala katika kishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu, nyuma ya pua na chini ya ubongo. Ndogo hivyo, lakini ndiyo inayoziamuru tezi ya thairoidi shingoni, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani. Hutoa homoni ya ukuaji, homoni ya maziwa, na ile inayouzuia mwili usimwage maji yote kwa mkojo. Juu yake tu hukutana na kupishana neva mbili za macho. Kulia na kushoto zinapita ateri za karotidi zinazopeleka damu kwenye ubongo, zikiwa zimesindikizwa na neva zinazozungusha jicho. Chini yake kuna chumba chenye hewa ndani ya mfupa wa sfenoidi, na mbele ya chumba hicho ndiyo pua. Kwa hiyo milango ni miwili: ufungue fuvu uje kwa juu, au upite puani uje kwa chini.

Uvimbe unaoota hapo, mara nyingi mno, si saratani. Usiofika milimita 10 tunauita mdogo, uliofika hapo na kuzidi tunauita mkubwa. Mkubwa hupanda juu ukakandamiza neva za macho, na mgonjwa akapoteza uoni wa pembeni, kulia na kushoto, huku mbele akiendelea kuona. Anagonga fremu za milango. Haioni bodaboda inayotokea ubavuni. Ananunuliwa miwani, halafu miwani nyingine, na wakati huo wote neva zinazidi kunyauka.

Mwingine uvimbe wake ni mdogo lakini unamwaga homoni. Kuna anayeona pete haivuki tena kwenye kifundo cha kidole na viatu vya mwaka juzi havimwingii, taya limetoka mbele, anatoka jasho, anakoroma, sukari imepanda. Kuna anayenenepa uso na tumbo huku mikono na miguu ikikonda, ngozi ya tumbo ikachanika michirizi ya zambarau, presha haishuki kwa dawa yoyote. Na kuna mama ambaye maziwa yanamtoka bila ujauzito wala mtoto, hedhi imekatika, mimba haishiki. Huyu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu kabla hajafika kwetu ameshasemwa na mawifi, ameshazungushwa kwa waganga, na pengine ndoa imeshavunjika, ilhali kipimo cha damu kingetosha kuonyesha njia.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna uvimbe ambao karibu kila mara haupaswi kuanzia kwenye kisu. Unaotoa prolaktini, yaani homoni ya maziwa, hunywea kwa vidonge. Kabergolini inamezwa mara moja au mbili kwa wiki, na uvimbe uliokuwa unabana macho unaweza kusinyaa bila mtu kuguswa pua. Tunapasua pale dawa inaposhindwa, au mgonjwa anaposhindwa kuivumilia dawa. Kwa hiyo daktari akikwambia una uvimbe wa pituitari na anataka kukupasua, mwulize kwa adabu: prolaktini yangu ni kiasi gani? Kama haijapimwa, bado hujafika mahali pa kuzungumzia upasuaji, isipokuwa kama macho yanazimika kwa ghafla.

Sasa njia zenyewe. Mnivumilie niwapitishe kwenye historia, maana bila hiyo mabishano ya leo hayaeleweki.

Jaribio la kwanza linalotajwa ni la Victor Horsley, London, mwaka 1889. Alifungua fuvu. Zama zile hapakuwa na antibayotiki, damu ya kuongezewa haikuwa jambo la kawaida, na hakuna aliyejua kurudishia homoni ya kotisoli mtu ambaye tezi yake imeguswa. Kuuinua ubongo ili uifikie sakafu yake kulikuwa kucheza na mauti. Ndipo tarehe 16 Machi 1907, kule Innsbruck, Hermann Schloffer akaja kwa chini. Alikata ubavuni mwa pua, akaipindua pua yote upande mmoja, akapita ndani ya mifupa hadi kwenye uvimbe. Ulikuwa upasuaji unaoacha kovu kubwa usoni, na mgonjwa wake hakuishi miezi mingi baadaye, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Mwaka 1910, Vienna, akatokea Oskar Hirsch. Huyu hakuwa mpasuaji wa ubongo. Alikuwa daktari wa pua. Alipita ndani ya pua yenyewe, bila kukata uso, mgonjwa akiwa macho, amepakwa dawa ya ganzi. Naomba mumkumbuke Hirsch, kwa sababu leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, tumerudi kwenye wazo lake: kwamba anayeijua pua awe chumbani. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, Hirsch alikimbilia Boston.

Wakati huohuo Marekani alikuwepo Harvey Cushing. Yeye alikata chini ya mdomo wa juu, juu ya ufizi, akainua na kupita kando ya ukuta wa kati wa pua. Kati ya 1910 na 1925 alipasua wagonjwa 231 kwa njia hiyo, na waliofariki walikuwa asilimia 5.6, takwimu nzuri mno kwa wakati wake. Halafu akaiacha! Alirudi kufungua fuvu, na kwa sababu alikuwa mkubwa wa fani, karibu ulimwengu mzima ukamfuata. Sababu kubwa ilikuwa mwanga. Chini ya lile shimo refu jembamba hakuona vya kutosha, na kwa juu aliziona neva za macho kwa macho yake.

Njia ya puani ingekufa hapo kama si mtu mmoja wa Edinburgh. Norman Dott alikuwa amekwenda Boston miaka ya 1920 kujifunza kwa Cushing. Aliporudi Uskoti aliendelea na njia ambayo mwalimu wake mwenyewe aliitelekeza. Mwaka 1956 Gérard Guiot alitoka Paris kwenda kumtazama Dott akifanya kazi, akarudi nyumbani akaanza, akaongeza eksirei inayoonyesha vyombo vilipofika wakati upasuaji unaendelea. Jules Hardy wa Montreal akajifunza kwa Guiot, na katika miaka ya 1960 akaingiza hadubini ya upasuaji. Tatizo la mwanga likaisha. Hardy aliweza kufanya ambalo Cushing hakuliona: kukwangua uvimbe wa milimita chache na kuiacha tezi nzima ikiwa salama pembeni yake.

Tazameni mnyororo huo. Boston, Edinburgh, Paris, Montreal. Kila mmoja alisafiri akasimama kando ya aliyemtangulia. Hakuna aliyeagiza mashine kwanza akatafuta mwalimu baadaye. Naona mara nyingi sisi tunaanza na zabuni ya mashine, na nasikitika kulisema mbele ya mgeni rasmi, lakini ndivyo ilivyo.

Hadubini ilitawala miaka 30 hivi. Halafu madaktari wa pua, waliokuwa wakitumia endoskopu kutibu sainasi, wakaleta chombo chao. Guiot alishaijaribu mapema miaka ya 1960, lakini vioo na taa za wakati ule havikutosha. Miaka ya 1990 vilitosha. Mwaka 1992 timu ya Nancy, Ufaransa, iliripoti wagonjwa wake wa kwanza. Mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh, mmoja mpasuaji wa ubongo na mwingine wa masikio, pua na koo, waliripoti wagonjwa 50. Na kule Naples, Paolo Cappabianca na Enrico de Divitiis wakaipangia njia hiyo hatua zake na vyombo vyake.

Tofauti ya vyombo viwili hivi ni nini hasa? Mfikirie mtungi. Hadubini inakuweka nje, juu ya mdomo wa mtungi, na mwanga mkali. Unaona chini kabisa waziwazi, lakini mabega ya mtungi yanakuficha pembe. Endoskopu ni fimbo ya unene wa milimita 4 inayoingia hadi ndani, na yenye kioo cha kutazama mshazari inakuonyesha pembe zilizojificha mabegani. Uvimbe uliochomoza kuelekea kwenye karotidi, au uliobaki kipande juu karibu na neva za macho, unaonekana badala ya kupapaswa.

Lakini hadubini ina mambo yake, na wenzangu vijana wanaoidharau naomba wanisikilize. Unatazama kwa macho mawili, unaona kina. Picha ya endoskopu ya kawaida ni bapa kama televisheni, na kina unakijua kwa mazoea ya kusogeza vyombo mbele na nyuma. Damu ikitoka kwa kasi, kioo cha endoskopu kinachafuka na unakuwa kipofu kwa sekunde ambazo huzitaki. Hadubini haichafuki, iko nje. Upasuaji wa hadubini kwa kawaida humalizika mapema zaidi. Na mpasuaji mmoja anautosha, ilhali wa kamera unataka wawili: mmoja anashika kamera, mwingine anafanya kazi kwa mikono miwili.

Upande wa pua, kamera mara nyingi haihitaji kupanua tundu kwa chuma wala kujaza pua pamba kwa siku kadhaa, jambo ambalo mgonjwa aliyelipitia halisahau. Hata hivyo nayo hukausha pua, huleta magamba, na wapo wanaopoteza harufu kwa muda.

Matokeo je? Utafiti wa vituo kadhaa vya Marekani uliochapishwa miaka michache iliyopita uliwafuatilia wagonjwa wenye uvimbe usiotoa homoni, wengine wakipasuliwa kwa hadubini, wengine kwa kamera. Uvimbe ulitoka wote kwa asilimia 80.0 ya wa hadubini na asilimia 83.7 ya wa kamera. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa hoja. Lakini miezi sita baadaye, waliopungukiwa homoni upya walikuwa asilimia 28.4 upande wa hadubini na 9.7 upande wa kamera. Hiyo ni hoja, kwa sababu kupungukiwa homoni ni vidonge vya maisha yote. Niongeze kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Kila mpasuaji alitumia chombo alichokizoea.

Upande wa pili, mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta majeraha ya mishipa ya damu yakiwa asilimia 1.58 kwa kamera na 0.50 kwa hadubini. Tafiti nyingi kati ya hizo ni za miaka ambayo wapasuaji walikuwa bado wanaizoea kamera, na mimi naisoma takwimu hiyo kama bei ya kujifunza. Bei hiyo ililipwa na wagonjwa.

Na sasa takwimu ninayotaka muondoke nayo. Mwaka 1997, kabla kamera haijaenea, Ivan Ciric na wenzake walichapisha majibu ya wapasuaji 958 wa Marekani kuhusu madhara ya upasuaji huu. Waliokuwa wamefanya chini ya 200, vifo vilikuwa asilimia 1.2. Kati ya 200 na 500, asilimia 0.6. Zaidi ya 500, asilimia 0.2. Kuvuja kwa maji ya ubongo kulishuka vivyo hivyo: 4.2, 2.8, 1.5. Njia ileile kwa makundi yote matatu, na tofauti ya kifo ni mara sita. Hakuna ulinganisho wa hadubini na kamera ninaoujua unaotoa pengo la namna hiyo.

Kuhusu kufungua fuvu, sitakawia. Leo ni kwa wagonjwa wachache: uvimbe uliotambaa mbali pembeni juu ya ubongo, au wenye kiuno chembamba kisichoruhusu sehemu ya juu kushuka, au uliozizunguka ateri kubwa. Mwingine anahitaji vyote viwili, kwa nyakati tofauti. Njia hii haijafa na haipaswi kufa. Mpasuaji asiyeweza kufungua fuvu asianze puani, kwa sababu siku mambo yakiharibika ndiyo njia yake ya kutokea.

Jambo jingine lililobadilisha kazi hii halionekani kwenye matangazo ya mashine. Mwaka 2006 madaktari kutoka Argentina walieleza namna ya kukata kipande cha utando wa ukuta wa kati wa pua, kikabaki na mshipa wake wa damu, kikageuzwa na kulazwa juu ya tundu la fuvu. Kabla ya hapo tuliziba kwa mafuta ya tumbo na gundi, na upasuaji uliofungua tundu kubwa ulivuja mara nyingi. Maji ya ubongo yakivuja puani, vijidudu vinapanda kwa njia hiyohiyo, na mtu akapata homa ya uti wa mgongo. Kipande kile cha utando, ambacho hakinunuliwi, kimeokoa watu wengi. Anayejua kukikata vizuri ni daktari wa pua. Ndiyo maana nasema Hirsch amerudi.

Ninyi mnaokwenda kupasuliwa, au mlio na ndugu anayekwenda, nawaambia mambo ya baadaye, kwa sababu hapo ndipo ninapoona watu wakipotea. Usipenge kamasi kwa wiki kadhaa. Usiinue ndoo ya maji wala gunia. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Maji maangavu yenye ladha ya chumvi yakidondoka puani unapoinama, rudi hospitali siku hiyohiyo, usiyaite mafua. Ukikojoa kupita kiasi na kiu haikatiki, sema. Na ikifika kama siku ya saba ukaanza kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, inawezekana chumvi ya damu imeshuka. Huu ndio wakati ambao mgonjwa ameshafika kijijini na familia inadhani ni uchovu wa safari.

Ukipewa haidrokotisoni, dawa ya kurudishia kotisoli, usiikatishe eti umepona. Ukipata malaria au kutapika, dozi huongezwa, na hilo mwelekezwe kabla ya kuruhusiwa kutoka, mwandikiwe kwenye karatasi. Ndugu Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu kuna wanaoweza kupangiwa dozi na kuna ambao kufunga ni hatari kwao.

Turudi kwetu. Upasuaji wa puani umeshafanyika Afrika Mashariki. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, imeshatangaza kuondoa uvimbe wa sakafu ya ubongo kwa njia hiyo, na Kenya nako unafanyika. Kwa hiyo sizungumzii ndoto. Ninachoogopa ni kila hospitali ya rufaa inunue kamera yake, ipate wagonjwa watano kwa mwaka, na wapasuaji wake wabaki daima kwenye kundi la chini ya 200. Kwa takwimu za Ciric, huko ndiko watu wanakofia.

Naomba tuchague vituo vichache. Kila kimoja kiwe na mpasuaji wa ubongo na daktari wa pua wanaopasua pamoja kila mara, mtaalamu wa usingizi anayewazoea wagonjwa hawa, bingwa wa homoni, na daktari wa macho anayepima uoni wa pembeni kabla na baada. Hospitali nyingine ziwe hodari wa kugundua na kutuma mapema: kipimo cha prolaktini, kupima macho kwa kidole pembeni mwa uso jambo ambalo tabibu wa kituo cha afya analiweza, na simu moja ya kuulizia rufaa. Nauli na malazi ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza viingie kwenye hesabu ya bima, maana mtu wa Kigoma au wa Turkana hawezi kuambiwa tu aende mjini.

Na tuandike. Kila mgonjwa anayepasuliwa pituitari aingizwe kwenye daftari moja la pamoja: njia iliyotumika, nani alishika kisu, uvimbe uliobaki, macho yalikuwaje na yamekuwaje, maji yalivuja au la, homoni zipi zimepotea baada ya miezi sita, yuko hai au amefariki. Waliofariki waandikwe kwanza. Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja, imewekwa pale mezani mlangoni. Anayetaka kuikosoa aikosoe leo kabla hatujaachana.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Muda wa maswali umefika, na ningependa wagonjwa waanze.